Chanya, Hasi na Mwiko

Mwanafunzi wa uzamili katika ikolojia hufundishwa mapema kuyapanga mahusiano ya viumbe katika jedwali. Spishi mbili zinapokutana, kila moja huandikiwa alama: chanya ikiwa kukutana huko kunaiongezea uhai au uzazi, hasi ikiwa kunaipunguzia, sifuri ikiwa hakuna kinachobadilika. Chui na swala ni chanya na hasi. Kupe na ng'ombe vilevile. Miti miwili inayogombea mwanga ni hasi na hasi. Nyuki na ua ni chanya na chanya. Jedwali hilo lina faida yake, na kwa mtazamo wa kwanza halina dini. Lakini linaamsha swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wamelihangaikia kwa karne nyingi, nalo halimwachi mwanafunzi mwenye imani hata baada ya mtihani. Je, hasi ni dhuluma? Na chanya mbili zikikutana, huo ni wema, au ni biashara tu?

Swali hilo haliishii porini. Kyebando ni mtaa wa tarafa ya Kawempe, kaskazini mwa Kampala, si mbali na Chuo Kikuu cha Makerere. Barabara ya Northern Bypass, iliyokamilika mwaka 2009, inapita huko huko, na mfereji wa Nsooba unachukua maji ya mvua pamoja na taka za mitaa hiyo hadi kinamasi cha Lubigi. Nyumba zimebanana, ila viumbe bado ni wengi: mbu kwenye maji yaliyotuama, migomba nyuma ya vyumba vya kupanga, mafunjo bondeni, kunguru, popo, mti wa mutuba uliosalia hapa na pale, na juu ya mapaa yule ndege mkubwa mwenye upara ambaye Waganda humwita kalooli. Mtu akitaka kulijaribu jedwali la alama, mtaa huo unamtosha.

Mutuba ndio mahali pazuri pa kuanzia. Ni mti wa jamii ya mtini, Ficus natalensis, ambao gome lake hubanduliwa na kupondwa kwa nyundo za mbao hadi kuwa nguo iitwayo olubugo, inayotumika hadi leo kuwasitiri maiti. UNESCO iliitangaza sanaa hiyo mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Baada ya kubanduliwa, shina hufungwa kwa majani ya mgomba, na mti huota gome jipya. Hilo ni hasi au chanya? Mti umejeruhiwa, lakini umepandwa, ukalindwa na kuzalishwa kwa vipandikizi kwa karne kadhaa kwa sababu hiyo hiyo ya kujeruhiwa.

Ndani ya tunda lake mambo ni magumu zaidi. Mtini hauonyeshi maua. Huyaficha ndani ya tunda lenye tundu jembamba. Nyigu jike, mdogo sana, hunusa tunda lililo tayari, hujipenyeza katika tundu hilo, na katika kujipenyeza hukatika mabawa na mara nyingi vipapasio. Hatatoka tena. Ndani huyapaka maua chavua aliyokuja nayo, hutaga mayai katika baadhi ya maua, kisha hufa. Wiki kadhaa baadaye watoto wake huanguliwa. Madume hutangulia, hayana mabawa, huwapanda majike ambao bado wamefungwa ndani ya maua, hutoboa njia ya kutokea nje, nayo hufa bila kusafiri popote. Majike hukusanya chavua na kuruka kwenda kutafuta mti mwingine. Kila mtini, kati ya spishi zaidi ya 700 duniani, hutegemea nyigu wa namna hii, na mara nyingi ni spishi moja au chache tu za nyigu zinazouweza mti huo.

Vitabu huwataja mtini na nyigu kama mfano bora wa kufaidiana. Chanya na chanya. Hata hivyo kila upande humla mwenzake: watoto wa nyigu hula mbegu ambazo zingekuwa miti, na mti hauachi nyigu wapate maua yote. Wapo pia nyigu wengine wasioleta chavua yoyote, ambao hutaga mayai yao ndani ya lile lile tunda. Mti wa msasa, ambao majani yake makavu hutumika kusugulia mbao, umefika mbali zaidi. Baadhi ya miti yake huzaa matunda ya kike tu, yenye maua ambamo nyigu hawezi kutaga mayai. Nyigu akiingia humo, huyachavusha, huhangaika, hufa, na hakuna mtoto. Harufu ilimwita kama ile ya tunda zuri. Angekuwa binadamu, watu wangesema ametapeliwa.

Hapa ndipo wanaosoma ikolojia kwa kina huanza kulitilia shaka jedwali. Alama hubadilika kwa majira, kwa idadi, kwa nani mwingine yupo karibu. Kufaidiana kukichunguzwa kwa karibu huonekana kuwa ni kunyonyana kunakotoka sare, na sare yenyewe huweza kuvunjika. Kwa hiyo anayetafuta upendo wa Muumba katika chanya mbili na kumwona Shetani katika hasi amejenga juu ya mchanga: siku data zikibadilika, teolojia yake nayo itabadilika.

Charles Darwin aliukabili upande wa hasi. Katika barua aliyomwandikia mwanabotania Asa Gray mwezi Mei 1860, alikiri kwamba hakuweza kujishawishi kuwa Mungu mwenye rehema aliwaumba kwa makusudi nyigu ambao watoto wao hula kiwavi kutoka ndani, kiwavi akiwa hai. Wengi wameichukua barua hiyo kama mwanzo wa tatizo. Haikuwa mwanzo. Katika karne ya 13 mwanateolojia Thomas Aquinas alikwisha kuandika kwamba simba asingeishi kama hakuna mnyama anayekufa, na kwamba si busara kudai kuwa simba alikula majani kabla ya Adamu kutenda dhambi, kwa kuwa dhambi ya mtu haikubadilisha maumbile ya wanyama. Jibu hilo ni kavu, lakini lina uaminifu ambao mahubiri mengi ya leo hayana. Halimfichi simba.

Wanazuoni wa Kiislamu waliligusa jambo hilo kutoka upande wa haki. Wapo wa madhehebu ya Mu'tazila walioshikilia kwamba Mungu mwadilifu hana budi kumfidia huko akhera mnyama aliyeumia bila kosa. Waash'ari walilikataa neno "hana budi": Mungu halazimishwi na yeyote, na anachofanya katika milki yake hakiwezi kuitwa dhuluma. Hadithi mashuhuri ya mnyama asiye na pembe atakayelipiziwa kwa mwenye pembe Siku ya Kiyama ilisomwa na pande zote mbili, kila mmoja kwa namna yake. Na huko Basra, katika karne ya 10, kundi la waandishi waliojiita Ikhwan al-Safa lilitunga kisa cha wanyama kuwashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini. Cha kuangaliwa katika kisa hicho ni mshtakiwa. Paa hamshtaki simba. Ng'ombe, punda na ndege wote wanamshtaki mtu mmoja tu, yule anayedai kuwa na akili na kuwa bwana wao.

Waandishi hao wa Basra walikuwa na jicho kali. Maumivu ya kiwavi ni maumivu kweli, na dini inayoyapuuza haijasoma vizuri uumbaji. Lakini baa si sawa na dhuluma. Ili pawe na dhuluma lazima awepo aliyeweza kujizuia akakataa kujizuia. Nyigu hana njia ya kujizuia. Simba mwenye njaa pia hana. Jedwali la alama linapima matokeo, na kwa matokeo hayo peke yake hukumu haipatikani.

Utafiti mmoja wa Afrika Mashariki unaonyesha jinsi matokeo yanavyoweza kusafiri mbali bila mkosaji kuonekana. Huko Laikipia, Kenya, kuna mgunga ambao miiba yake imevimba kama vibuyu vidogo, na upepo ukivuma hupiga mluzi. Ndani ya vibuyu huishi sisimizi wa asili, ambao mti huwalisha utomvu mtamu nao huulinda dhidi ya tembo. Mkonga ukigusa tawi, sisimizi huingia puani. Kisha akaja sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, anayeenezwa na watu pamoja na mizigo na udongo sehemu nyingi za dunia. Huua sisimizi wa asili, naye hana habari ya kuulinda mti. Mwezi Januari 2024 Mkenya Douglas Kamaru, aliyekuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wyoming, pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la Science kilichofuata katika hifadhi ya Ol Pejeta. Mahali palipovamiwa, tembo walivunja miti mara tano hadi saba zaidi. Uwanda ukawa wazi. Simba, ambao huvizia kutoka kwenye kichaka, wakakosa pa kujificha, na pundamilia wakawaona mapema. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 42, na nyati, ambao mwanzoni hawakuwemo kabisa katika mawindo hayo, nao wakafikia asilimia 42. Idadi ya simba haikupungua.

Mfululizo huo una sisimizi, mti, tembo, simba, pundamilia na nyati, na hakuna hata mmoja wa kulaumiwa. Nyati anakufa leo kwa sababu ya mdudu ambaye hajawahi kukutana naye. Katika jedwali la wawili wawili, nyati na sisimizi wangeandikiwa sifuri na sifuri, na hilo lingekuwa kosa kubwa. Swali la hukumu linaanza kuchungulia pale tu mtu anapoingia, kwani sisimizi hakusafiri mwenyewe. Hata hapo linachungulia kwa mbali: aliyebeba udongo wenye sisimizi hakujua.

Kalooli wa Kyebando anasaidia kuona tofauti kati ya asiyejua na aliyejua. Kwa Kiswahili ni kongoti, na Derek Pomeroy wa Makerere alimchunguza kwa miaka mingi kama mlaji wa taka za mji. Hula matumbo na mabaki ya machinjio, hula uozo wa sokoni, husimama juu ya paa kama mzee anayesubiri kesi yake iitwe. Miguu yake ni myeusi kwa asili, lakini huonekana myeupe kwa sababu huinyea ili ajipoze. Kitabu kingemwandikia chanya kwake na sifuri kwa mtu. Wenye nyumba wangeiandika hesabu hiyo upya: mabati yanachafuka, lakini nyama iliyooza njiani nayo inapungua.

Kaskazini ya hapo, katika wilaya ya Wakiso, kuna Kiteezi, ambako taka za Kampala zilirundikwa kwa miaka mingi hadi zikawa mlima. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima huo uliporomoka baada ya mvua na kuua zaidi ya watu 30. Rundo hilo lilikuwa karamu kwa ndege na kaburi kwa majirani, na hakuna aliyefikiria kuwashtaki ndege. Lawama zilielekezwa kwa waliojua kwamba pamejaa kupita kiasi, na mwezi uliofuata Rais aliwafukuza kazi viongozi wa juu wa mamlaka ya jiji. Watu wa kawaida, bila kusoma falsafa, hufuata kanuni ile ile: anaulizwa aliyeweza kuzuia.

Ikiwa ni hivyo, basi jambo la kidini katika mahusiano ya viumbe haliko katika uwindaji wala katika kufaidiana. Liko katika kujizuia, na Buganda ina desturi ya kale inayohusu kujizuia na viumbe: omuziro, mwiko wa ukoo. Koo ni zaidi ya 50. Mtu wa ukoo wa Ngabi hali pongo, wa Mmamba hali kambaremamba, wa Nkima hali kima. Watu wa Nsenene hawali senene hata Novemba, wakati Kampala nzima inawasha taa kali usiku na kusimamisha mabati ili wadudu hao wateleze hadi ndani ya mapipa. Jirani yako anakaanga, wewe unanusa tu.

Ni rahisi kusema kwamba mwiko huo ulikuwa uhifadhi wa mazingira kabla ya neno hilo kuwepo: kila ukoo unamwacha kiumbe mmoja, basi viumbe wote wanapumua. Maelezo hayo hupendwa kwenye semina, na ni mepesi mno. Wa ukoo wa Nte huzira ng'ombe, ambaye hajawahi kuwa hatarini. Kuna koo za Mutima, ambazo huzira moyo, na moyo si spishi. Zaidi ya hayo, mwiko haumkatazi mtu wa ukoo mwingine kula, kwa hiyo senene hawapati nafuu kubwa. Mwiko unahusu udugu. Unasema kwamba kati ya ukoo huu na kiumbe huyu pamepita jambo, na kwa hiyo mlaji anayeweza kula, mwenye njaa, na ambaye nyama iko mbele yake, hali.

Katika milinganyo ya mwindaji na mawindo, ile ya Alfred Lotka ya 1925 na ya Vito Volterra ya 1926, hakuna nafasi ya mlaji kama huyo. Mwindaji hula anachokutana nacho kwa kiwango fulani. Nadharia za baadaye zilimruhusu kuchagua, lakini huchagua kwa hesabu ya nguvu: anaacha mawindo madogo kwa kuwa hayamlipi. Kuacha kwa sababu ya udugu, au kwa sababu ya Ramadhani au Kwaresima, ni kitu kingine kabisa. Ikolojia inaweza kukipima kikishatokea, kama pungufu katika idadi ya walaji. Sababu yake haiwezi kuiona kutoka kwenye jedwali.

Kuna mahali ambapo mwiko na ikolojia vilikutana kwa uchungu. Mmoja wa miziro ni nkejje, samaki wadogo wa Ziwa Victoria wanaoitwa furu upande wa Tanzania. Wazazi wa Buganda waliwatumia pia, wakiwa wamekaushwa, kama chakula cha tiba kwa watoto dhaifu. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mapema miaka ya 1960 sangara waliingizwa ziwani, kwanza upande wa Uganda. Hoja ya waliopenda mpango huo ilikuwa ya kiuchumi: furu ni wadogo na wana miba, basi na waliwe na samaki mkubwa, kisha samaki mkubwa auzwe. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mwanabiolojia aliyefanya kazi katika maziwa ya Afrika, alichapisha onyo kwamba mlaji wa namna hiyo hajawahi kuishi pamoja na samaki hao na kwamba matokeo hayatabiriki. Hakusikilizwa. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wamelijaza ziwa, na inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 za furu zilitoweka. Si sangara peke yao: maji yaliyochafuliwa na mbolea na maji taka yalitiwa ukungu, na furu jike, anayemchagua dume kwa rangi, akashindwa kumtambua wa kwake, hivyo spishi zikachanganyika. Maji ya Kyebando hayahusiki hapo, kwa kuwa Lubigi humwaga kaskazini, kupitia Mayanja hadi Kafu; maji ya upande mwingine wa jiji ndiyo yanayoshuka ziwani.

Tofauti na sisimizi wa Laikipia, hapa palikuwa na anayejua na aliyeonya. Ukoo mzima ulikuwa umejizuia na samaki huyo kwa vizazi, kisha uamuzi wa ofisini ukamletea mlaji asiye na mwiko wowote. Faida nayo ilikuwa halisi: viwanda, ajira, fedha za kigeni. Dhuluma, ikiwa ni neno la kutumika, haimhusu sangara anayekula. Inawahusu waliokuwa na karatasi ya onyo mezani.

Hata hivyo mwiko usisifiwe kupita kiasi. Neno nkejje hufunika mamia ya spishi: walao konokono, walao mwani, walao vijidudu vya majini, walao mayai ya wenzao. Tangu miaka ya 1990, sangara walipopunguzwa na uvuvi, baadhi ya furu wamerejea, hasa walao vijidudu, lakini mchanganyiko si ule wa zamani. Kwa mtu wa ukoo wa Nkejje, nkejje bado wapo wa kuzira. Mvuvi naye bado anapata kitu wavuni. Aliyejua kwamba samaki fulani hayupo tena ni yule aliyekuwa amemweka ndani ya chupa, akahesabu miba ya mapezi na kupima meno yake kwa hadubini; na kwa furu wengi hata huyo alichelewa, kwa kuwa walitoweka wakiwa na majina ya utani tu, kabla hawajaelezwa rasmi. Kazi hiyo hudai kuua, na mwiko ulitungwa kabla ya fomalini. Kamati zinazotoa vibali vya utafiti huuliza idadi ya samaki watakaouawa na namna watakavyouawa. Kama mtafiti ni wa ukoo unaowazira, hilo halimo katika fomu, na huachiwa yeye na wazee wake.